Laptopu ya mtumba Amu: usinunue stika

Kijana akipata nafasi ya chuo Mombasa, mzazi wake hunijia barazani na ombi lile lile: "Mwanangu, nitafutie laptopu ya Intel, i5." Hataji RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, wala betri. Nikimwambia kuna Ryzen ya AMD, mshindani wa Intel, huniangalia kama nimemletea samaki wa jana.

Simlaumu. Tangu 1991 Intel imekuwa ikiwachangia watengenezaji wa kompyuta gharama za matangazo ili stika yake ionekane, na jina likaingia hata kwa wasiojua prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ni nini. AMD nayo si ya jana: ilianzishwa 1969, mwaka mmoja tu baada ya Intel. Ila kabla ya 2017 prosesa zake nyingi zilikuwa nzito na zenye joto, na waliozinunua hawajanyamaza mpaka leo. Mwaka huo ikatoa Ryzen, upepo ukageuka, lakini habari haijafika barazani. Kwetu wanunuzi wa mtumba hiyo ni bahati, maana mashine isiyoulizwa ndiyo muuzaji hukubali kuipunguza bei.

Ningekuwa nanunua leo, ningeanza na HP EliteBook 845 G7 yenye Ryzen 5 PRO 4650U. Ina viini 6, yaani sehemu za prosesa zinazogawana kazi, wakati pacha wake 840 G7 mwenye i5 ana 4. RAM ina nafasi mbili, kwa hiyo waweza kuanza na GB 8 na fundi akakuongezea baadaye. Shida ni hao mapacha kufanana. Ile 5 ya mwisho ndiyo inayosema AMD. Ikiwa ni sifuri, ni Intel. Niliwahi kuagiza 845 kwa muuzaji mmoja wa Mombasa, ikapanda basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, naifungua gatini: 840. Kuirudisha kungenila nauli na siku mbili, nikanyamaza nayo. ThinkPad T14 ya Lenovo, toleo la kwanza lenye AMD, iko daraja hilo hilo, ila sehemu ya RAM yake imechomelewa kwenye ubao, basi itafute iliyo na GB 16 tayari.

Ya pili ni ya Intel, wapenzi wa AMD wanisamehe: ThinkPad T480 yenye i5 ya kizazi cha nane, viini 4. Ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma, na ile ya nyuma waichomoa na kutia nyingine bila kuzima mashine. Stima ikipotea saa mbili usiku na kazi ya chuo inatakiwa saa sita, utanikumbuka. Kwa mtu wa Faza au Kizingitini anayetegemea sola, ningeipandisha iwe ya kwanza.

Ya tatu ni ThinkPad T495 au EliteBook 745 G6, zote zenye Ryzen 5 PRO 3500U. Viini ni 4 vile vile, lakini upande wa picha inaishinda i5 ya kizazi cha nane. Mpiga picha za harusi au kijana anayehariri video za Maulidi aitazame hii kabla ya T480.

EliteBook 840 G3 naiweka mwisho kabisa. Nayo ni i5! Stika ile ile, jina lile lile, ila ni kizazi cha sita chenye viini 2. Windows 11 haiitambui rasmi, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ichukue kama ni ya kuandikia barua tu na bei ni ya kutupa, au kama unajua kutumia Linux, mfumo unaochukua nafasi ya Windows.

Prosesa za Intel ziitwazo Celeron za mfululizo wa N, na AMD za zamani zenye majina ya A4, A6 na E2, ziache hapo zilipo hata ukipewa na begi. Na Ryzen isikulevye kwa nambari kubwa: 7520U inaanza na 7, lakini tarakimu ya tatu, 2, ndiyo inayotaja umri wa usanifu wake, na usanifu huo ni wa 2019.

Kabla ya kutoa pesa, washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua Performance, halafu CPU (ndiyo prosesa), usome jina lote na idadi ya viini. Stika hubandikwa na yeyote. Mulika matundu ya USB na ya chaja kwa tochi ya simu. Laptopu iliyoishi karibu na bahari huanza kutu hapo. Sikiliza feni. Kama inakuja kwa basi, muuzaji akurekodie video ya ukurasa huo wa prosesa pamoja na nambari ya mashine iliyo chini yake, na pesa zisitoke kwenye M-Pesa yako kabla hujaitazama.