Maji yako mbele au nyuma? Siku nne nimepotea kwenye gemu ya sauti

Gemu hii ya simu, inayochezwa kwa kusikiliza, nimeinunua kwa pesa yangu, kwa hiyo nitasema yote. Nilitaka kuipa nyota tatu. Baada ya jibu nililopewa na watu wa huduma kwa wateja ni mbili, na nikizidi kuandika huenda zikapungua.

Mimi sioni tangu utotoni. Kila asubuhi naenda na fimbo yangu nyeupe mpaka kituo cha daladala, peke yangu. Jua linanipiga shavu la kulia, mashine ya kusaga inanguruma kushoto, na njia ikianza kuteremka najua nimekaribia. Jioni nikirudi jua liko shavu lilelile la kulia, kwa sababu limeshahamia upande wa pili. Sishikwi mkono na mtu. Halafu nakuja kupotea siku nne kwenye kijiji cha gemu chenye bomba moja!

Hatua ya pili, bibi anakutuma maji. Unatakiwa ufuate sauti ya bomba linalodondoka kwenye ndoo. Nikageuka mpaka matone yakasikika sawa masikio yote mawili, nikatembea. Sauti ikafifia. Kumbe bomba lilikuwa nyuma yangu. Hapo sikukasirika, hilo nalijua. Sauti ya upande wa kulia hulifikia sikio la kulia kwanza, kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kichwa kinaelewa. Ya mbele kabisa na ya nyuma kabisa hufika masikio yote kwa pamoja. Barabarani nageuza shingo kidogo tu, jibu linakuja. Ukivaa hedifoni za kawaida ukageuza shingo, kijiji chote kinageuka na wewe.

Kilichonikasirisha ni ukuta. Ukiugonga unasikia "du", kisha gemu inakugeuza kidogo bila kukwambia. Hakuna mlio, hakuna neno. Niligundua kama siku ya tatu. Bibi ana redio mlangoni. Nikaiweka nyuma yangu barabara, nikaenda mpaka ukutani, nikagonga, nikageuka nusu duara nirudi. Redio ilipaswa kuwa mbele yangu, ikawa inalia sikio la kushoto. Nikarudia. Nikarudia tena, nikabadilisha hedifoni nikidhani zimeharibika. Ni vilevile. Sasa niambie, mtu asiyeona utamgeuza kimyakimya halafu umwambie atafute bomba?

Nikawaandikia. Kwa adabu, kwa urefu, nikaeleza habari ya redio na ukuta. Jibu likaja baada ya siku kadhaa, mistari miwili: wachezaji wengine hawajalalamika, na kama sehemu hiyo inanishinda nimwombe mtu anayeona anisaidie.

Mtu anayeona! Nikamwita mpwa wangu, nikampa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, hapa hakuna kitu. Ni kiza tupu." Ndiyo, kwa sababu ni gemu ya sauti, kioo hakina picha hata moja. Nikampa hedifoni. Ana macho mazima mawili, na akapotea palepale, ukuta uleule. Kwa hiyo tatizo halikuwa macho yangu, na waliotengeneza gemu ya sauti walipaswa kulijua hilo kabla yangu. Nyota moja.

Wala hili si jambo lisilowezekana. Shuleni tulicheza goalball, mchezo uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza macho vitani. Mpira una kengele ndani, na mistari ya uwanja ina kamba chini ya utepe. Ukipoteza mwelekeo unapapasa kamba, unajipanga upya. Kamba tu! Kwenye gemu ya Kifaransa ya mwaka 2015, A Blind Legend, shujaa haoni na binti yake Louise anamwongoza kwa sauti, nawe unaifuata sauti ya mtoto. Hata The Last of Us Part II ya mwaka 2020, ambayo imejaa picha, ina msaada ukiuwasha, unabonyeza kijiti cha pedi ya kuchezea na mhusika anaelekea njia inayotakiwa. Mimi sikuomba hata hayo. Niliomba kitufe kimoja cha kutaja dira, kaskazini au mashariki, na mlio mdogo ukigeuzwa.

Lakini nisiwadhulumu. Hatua ya kwanza, mvua inapoanza kwenye bati la bibi, nilivua hedifoni nikawahi kuanua nguo nje. Kulikuwa kukavu. Redio yake ina betri zinazokwisha, sauti inazama na kurudi kama redio ya marehemu babu. Sokoni unapita katikati ya wauza samaki, na kila mmoja ana sauti yake na mahali pake, na pale sikupotea hata kidogo maana hakuna ukuta wa kugonga. Aliyetengeneza sauti zile anajua kusikiliza. Huyo nampa nyota tano, nasema kwa moyo wote. Nikiwaza mtu huyo na aliyenijibu mistari miwili wanakaa ofisi moja, hasira inanipanda upya.

Basi iwe tatu, kama nilivyotaka mwanzo. Hapana, mbili, mpaka waurekebishe ukuta. Usinunue kwa sasa. Au nunua, ucheze ya kwanza na soko, uishie hapo.

Sijaifuta. Juzi usiku nimeifungua tena, nikamkuta mtu wangu amesimama palepale nilipomwacha, maji yanadondoka masikio yote mawili.