Eti nisizuie kwa miguu! Duka lililonifungia gia fiksi

Kama baiskeli yako ni ya kawaida, ina gia zake na friwili yake, duka hili litakufaa. Kuna kahawa ya bure, sakafu inang'aa, na tairi la mbele walilonibadilishia mwaka jana halijanisumbua hata siku moja. Natanguliza haya ili msiseme nina chuki. Lakini kama unaendesha gia fiksi, tena unaipeleka kwenye mbio za kupambana na saa, pita mbali. Vuka barabara kabisa, utembee upande wa pili.

Jina silitaji, sitaki kesi. Ni mji mdogo tu huku mashariki mwa Uingereza ninakoishi.

Kwa ndugu zangu wa nyumbani ambao hawajawahi kuipanda: kwenye gia fiksi, sproketi ya nyuma imefungwa kwenye habu moja kwa moja, friwili hakuna. Gurudumu likizunguka na pedeli zinazunguka, upende usipende, ni cherehani ya kukanyaga iliyowekewa usukani. Mteremkoni hupumzishi miguu. Kwenye kona huwezi kuisimamisha pedeli ya ndani ikae juu, na ukilala sana inakwaruza lami. Ukitaka kupunguza mwendo, unakaza mapaja na kushindana na pedeli. Hiyo ndiyo breki yako ya nyuma. Hata sheria ya hapa inaitambua: gia fiksi inatakiwa iwe na breki ya mbele, basi, maana nyuma miguu yako imeshahesabiwa kuwa breki. Naomba mlishike hilo, kwa sababu fundi wa duka hili hakulishika.

Na mbio zenyewe ndizo hizi: mnaachiwa mmoja mmoja, dakika moja kati ya mtu na mtu, mnakwenda mpaka mahali pa kugeuzia na kurudi, maili 10, au 25, au 50, kuna hata za saa 24. Kujificha nyuma ya mwenzio akukingie upepo ni marufuku. Mchezo huu ulizaliwa miaka ya 1890, chama cha baiskeli cha Uingereza kilipokataa mbio za kundi barabarani kwa kuhofia ugomvi na polisi. Wanabaiskeli wa enzi hizo, akina F. T. Bidlake, wakaona kheri watu waondoke alfajiri, mmoja mmoja, wasijulikane kama wanashindana. Kwa miaka mingi wapandaji walivaa nguo nyeusi toka shingoni hadi miguuni, na njia ilitajwa kwa herufi na namba ili mtu wa nje asijue ni wapi. Polisi siku hizi hawajali, ila namba zimebaki. Ukimsikia mtu anaitaja V718 kwa unyenyekevu wa msikitini, jua anasema ile njia ya maili 10 karibu na Hull, ambako watu wanasafiri mbali kwenda kutafuta muda mzuri.

Sasa, kisa cha mimi kwenda dukani. Majira ya kuchipua, baadhi ya klabu huandaa mbio ambazo gia haitakiwi kuzidi inchi 72. Mbele nina meno 48, nyuma 18, na gurudumu linahesabiwa kipenyo cha inchi 27: gawanya 48 kwa 18, zidisha kwa 27, inatoka 72 kamili. Zinafurahisha, miguu inazunguka hadi magoti yanaomba talaka. Joto likishaingia nataka sproketi ya meno 14, ambayo ukizungusha mara 90 kwa dakika unakaribia maili 25 kwa saa. Kazi ni ndogo: toa sproketi hii, weka ile, kaba nati ya duara inayoishikilia, weka cheni sawa. Ila inataka spana zake maalumu, nami sina.

Nilimkuta kijana kaunta, ndevu zimechongwa vizuri, aproni haina hata doa la grisi. Hilo doa nililitilia maanani baadaye. Akaiangalia baiskeli, akaniangalia mimi, akauliza: "Ni ya kusambazia vyakula?"

Sina tatizo na wanaosambaza vyakula. Nina ndugu wanafanya kazi hiyo kwenye mvua za huku na nawavulia kofia. Lakini usukani wa baiskeli hii umeinama mbele kwa ajili ya kulalia viwiko! Mwanadamu gani anabebea chipsi juu ya usukani ule? Nikamjibu kwa upole kwamba ni ya mbio za saa, na Jumamosi nina mbio. Akacheka. Akamgeukia mwenzake, siyo mimi, akamwambia: "Huyu hajasikia kwamba gia zilishavumbuliwa."

Nikanyamaza, si kwa kukosa la kusema. Ningeweza kumwambia kwamba Henri Desgrange, aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903, aliichukia mitambo ya kubadilishia gia, na kwamba waendeshaji wa Tour hawakuruhusiwa kuitumia mpaka mwaka 1937. Ningemwambia kwamba hata leo mtu akienda kuvunja rekodi ya saa moja uwanjani, yaani umbali mrefu kuliko wote ndani ya saa moja, anakwenda na gia fiksi, na kwamba Mskoti Graeme Obree aliivunja mwaka 1993 kwa baiskeli aliyojitengenezea mwenyewe, yenye beringi za mashine ya kufulia. Lakini mtu mwenye baiskeli moja na fundi mmoja karibu hana jeuri. Nikatia saini karatasi, nikaondoka.

Nilipokwenda kuichukua ilikuwa inapendeza, nakiri. Wameifuta hadi spoku. Cheni imepakwa mafuta. Nikalipa bila kuuliza bei, nikasema moyoni labda kijana ana mdomo mbaya na mikono mizuri, wapo wengi wa aina hiyo.

Jumamosi yenyewe asubuhi ilitulia, upepo ulikuwa haujaamka. Mwenye gia fiksi huwa na usumbufu wake pale mstarini: huwezi kurudisha pedeli nyuma ili mguu wako mzuri ukae juu, inabidi uliinue gurudumu la nyuma kwanza. Kisha yule wa kukushikilia siti anakukamata, mtunza saa anahesabu tano, nne, tatu, na unasukumwa. Maili za mwanzo nilikuwa peponi. Sijui niwaelezeje. Huwazi gia gani niweke, hakuna cha kuchagua. Kuna mguu na kuna barabara. Mwendo ukipanda, baiskeli yenyewe inakuvusha miguu pale juu ambapo ungelegea. Nilimpita aliyeondoka dakika moja mbele yangu, ana baiskeli ya thamani ya gari, gurudumu la nyuma ni sahani nzima ya kaboni inayovuma. Nikamsalimia.

Kugeuza ni kwenye kipilefti. Nikakaza mapaja kupunguza mwendo, nikasikia "tak" chini yangu, na miguu ikaenda bure. Robo mzunguko hivi, hakuna chochote kinachoshika. Halafu ikashika. Halafu ikaachia tena.

Mliowahi kukanyaga ngazi ambayo haipo gizani mnaijua hofu hiyo, ila mimi nilikuwa na lori linaingia kipilefti upande wangu wa kulia. Nilibana breki ya mbele hadi tairi likalia. Nikapita, sijui vipi, naamini dua za mama zina mkono wake. Nusu ya pili yote niliendesha kizee. Nikikanyaga mbele sproketi inajikaza yenyewe, nikijaribu kuzuia inafunguka. Kwa hiyo kila mteremko niliushuka na vidole juu ya breki. Bwana wa sahani ya kaboni alinirudia akanipita. Hakunisalimia.

Pale ukumbini, watu wakinywa chai na kula keki (keki za mbio hizi ni sababu tosha ya kujiunga na klabu), mzee mmoja aliniona nimechutama nyuma ya baiskeli. Ni mtu wa miaka sabini na ushee, bado anashindana. Kwa jina lake la kwanza ndivyo wanavyotaka tumwite, lakini kichwani namwita mzee tu, mdomo unakataa. Akainama, akaigusa ile nati ya duara kwa vidole viwili, ikazunguka. Vidole, jamani. Bila spana.

Hapo akanipa somo ambalo fundi wa duka alipaswa kulijua kabla ya kuvaa aproni. Sproketi inaingia kwenye habu kwa kuzungushwa kulia, kwa hiyo unapokanyaga mbele unaikaza. Unapozuia kwa miguu unaifungua. Ndiyo maana nati ya nje ina nyuzi za kinyume, inafungwa kushoto: sproketi ikitaka kutoka, inakutana na nati, na kadiri inavyosukuma ndivyo nati inavyozidi kukaza. Ni akili safi kabisa, haina waya wala betri. Sharti ni moja, nati ikabwe. Ikiachwa legelege, sproketi inapata nafasi ya kuhema, na ikihema sana inakula nyuzi za habu na gurudumu zima linakuwa la kutupa.

Akaenda kwenye gari lake, akarudi na spana ya ndoano na ile nyingine yenye kipande cha cheni. Akakaza sproketi kwanza, halafu nati, akaniambia nipande niende mwendo kidogo nizuie kwa nguvu, nirudi, akaikaza tena. Alipokuwa akifanya hayo ananihadithia enzi za utoto wake, miaka ya 1950, gia fiksi ndiyo ilikuwa kitu cha kawaida kwenye mbio za saa, na jinsi mwaka 1956 jina la Ray Booty lilivyokuwa kila mahali baada ya kuwa mtu wa kwanza kumaliza maili 100 za mbio hizi chini ya saa 4. Akakataa hela. Akakubali keki.

Mpaka hapo hasira zangu zilikuwa za kawaida. Binadamu husahau, nati husahaulika. Nilirudi dukani Jumatatu nikiwa nimeshajiandaa kusamehe, wallahi. Nilitaka neno moja tu, pole.

Kijana akasikiliza huku anaangalia skrini. Kisha akaniuliza: "Ulikuwa unazuia kwa miguu?"

Nikasema ndiyo.

"Basi ndiyo maana. Hutakiwi kuzuia kwa miguu. Inalegeza."

Nikamwomba arudie. Akarudia! Kwa utulivu kabisa, kwa sauti ya kumwelimisha mtoto. Tena akaongeza kwamba ameandika kwenye mfumo kuwa ni matumizi yasiyo sahihi ya mteja. Yaani umenifungia baiskeli ambayo haina njia nyingine ya kupunguza mwendo nyuma ila miguu, miguu ambayo haina namna ya kusimama bila kuzuia, halafu kosa ni kwamba nilizuia. Ningefanyaje pale kwenye kipilefti, nimwombe dereva wa lori asubiri niteremke?

Nyumbani Shinyanga, mji wa baiskeli, fundi anakaa chini ya mti na spana tatu na kopo la grisi. Hana kaunta. Lakini hakuachii baiskeli mpaka ameibeba, ameizungusha gurudumu, ameitikisa, na wewe umezunguka nayo mbele yake. Ukirudi inalia, haulizi ulikuwa unaiendeshaje; anaichukua. Huyu wa huku ana chumba kizima cha vyombo vinavyometa ukutani na hakuipanda baiskeli yangu hata mita moja, kwa sababu, nina hakika, hawezi kuipanda.

Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota mbili, moja ya usafi na moja ya tairi la mwaka jana. Naifuta ya usafi. Afadhali chafu iliyokazwa.

Gurudumu lenyewe sina neno nalo, msije mkachanganya mambo. Nyuzi zilipona, na mbio ya jioni iliyofuata, katikati ya wiki, ilinipa muda wangu bora kabisa kwa maili 10. Pale kwenye kipilefti nilikaza mapaja na baiskeli ikanisikiliza. Nilipiga kelele ya furaha mpaka msimamizi wa kona akashtuka. Kama mnauliza gia fiksi inafaa kwa mbio za saa, inafaa, hasa njia ikiwa tambarare na upepo usiwe wa kichaa. Kwenye milima mirefu utajutia, na siku ya upepo wa mbele gia moja utaiona nzito mno. Mimi sirudi kwenye friwili.

Meneja wa duka alijibu barua pepe yangu baada ya muda mrefu. Anasikitika kwamba sikuridhika. Hela hawarudishi, kwa sababu kazi ilifanyika kulingana na karatasi niliyotia saini. Wamenipa kuponi ya punguzo la asilimia kumi kwa ununuzi wowote wa seti ya gia na ufundi wa kuifunga. Anayeitaka aniambie, inaisha mwisho wa mwezi.