Huduma ya kutua kwa dharura: magari yapo, ujumbe ndio unaopwaya

Ukiipima huduma hii kwa vifaa peke yake, utaipa alama zote. Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinataka gari la kwanza la zimamoto lifike popote kwenye njia ya kurukia, likiwa tayari kumwaga povu, ndani ya dakika 3 tangu kengele kupigwa. Lengo linalopendekezwa ni dakika 2. Uwanja wa daraja la 9, unaopokea ndege kama Boeing 777, unatakiwa kuwa na magari 3 na, kwa povu la kiwango B (daraja mojawapo la ubora wa povu), maji lita 24,300. Hapo hatuna la kulalamikia. Cha kuchunguza ni maneno yanayopita kati ya rubani, mnara wa kuongozea ndege na kituo cha zimamoto kabla gari halijatoka.

Huduma huagizwa na rubani, na maneno ya kuagizia ni mawili: "Mayday" mara tatu kama hatari imeshafika, "Pan-pan" mara tatu kama tatizo ni la haraka lakini halijafika huko. Transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, huwekwa namba ya dharura 7700. Kuomba "kipaumbele" hakutoshi. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca 52 iliishiwa mafuta karibu na New York ikaanguka. Marubani walikuwa wameomba kipaumbele, wakasema mafuta yanakwisha, ila hawakutangaza dharura. Watu 73 walikufa. Hadi leo, kusema mafuta yamefikia kiwango cha chini ni taarifa tu. Anayetaka kupishwa atangaze Mayday ya mafuta.

Mnara ukishapokea, unatakiwa kupeleka zimamoto aina ya ndege, tatizo, idadi ya watu, mafuta, mzigo wa hatari kama upo, njia itakayotumika na dakika zilizobaki. Maswali yaulizwe mapema na kwa mkupuo, si moja moja wakati rubani anahangaika na orodha yake ya ukaguzi. Kinachoharibika mara nyingi ni mafuta. Rubani anajibu "saa moja na dakika ishirini", muongoza ndege anaandika 1+20 na kuisoma vivyo hivyo kwenye simu. Kwake ni jibu zuri, linamwambia ndege inaweza kuzunguka kwa muda gani. Kwa kamanda wa zimamoto halina kazi: dakika hizo 80 kwenye ndege ndogo ni kilo chache, kwenye ndege kubwa ni tani kadhaa, na yeye anapigana na kilo, hapigani na dakika. Mnara makini huuliza vyote viwili. Idadi ya watu nayo ijumuishe wahudumu na watoto wachanga wanaopakatwa. Ikikosewa, waokoaji watamtafuta asiyekuwemo au watamwacha aliyemo. Kwa sehemu hii hatuwezi kutoa zaidi ya 5 kati ya 10.

Kujipanga kwa magari ni bora zaidi, kwa sharti kwamba njia ya kutua haibadiliki. Ikibadilika, magari yako upande usio sahihi na lazima yavuke. Sioux City, Marekani, tarehe 19 Julai 1989, ndege ya United 232 iliyopoteza haidroliki, mfumo wa kuiongozea, ilitarajiwa njia ya 31, na magari yakawa yamesimama kwenye njia ya 22 iliyokuwa imefungwa. Ndege ikaelekea 22. Waliohusika waliondoa magari kwa sekunde za mwisho, na kati ya watu 296 walinusurika 184. Ndiyo maana gari halipaswi kusimama juu ya njia yoyote ya kurukia, hata iliyofungwa.

Na ving'ora si kibali. Lima, Peru, tarehe 18 Novemba 2022, magari ya zimamoto yakiwa kwenye zoezi la kupima muda wa kufika yaliingia njia ya kurukia, na ndege ya Airbus A320neo iliyokuwa inakimbia kupaa ikagonga mojawapo. Waliokuwa ndani ya ndege walinusurika wote. Askari wa zimamoto walikufa. Dereva arudie kibali neno kwa neno kwenye redio, na asipokisikia vizuri asimame kabla ya mstari wa kuingilia njia ya kurukia.

Ndege ikisimama, masafa ya redio ya moja kwa moja kati ya rubani na kamanda wa zimamoto ndiyo sehemu tunayoisifu bila kusita. Rubani haoni magurudumu yake, kamanda anayaona. Rubani akiambiwa "moshi upande wa kushoto, hakuna moto", anaweza kuwaacha abiria vitini badala ya kuwashusha kwa mtelezo, ambako watu huvunjika miguu. Breki zikiwa za moto, askari huliendea gurudumu kwa mbele au kwa nyuma, kamwe si ubavuni, kwa sababu likipasuka vipande huruka kwa pembeni.

Baada ya hapo huduma inalegea tena. Magari yakiwa bado yamezunguka ndege, daraja la uwanja limeshuka, kwa sababu maji na askari hawapo kwa ajili ya ndege nyingine. Mnara unaoarifiwa papo hapo huweza kuielekeza ndege inayofuata uwanja mwingine ikiwa bado na mafuta ya kutosha. Usipoarifiwa, rubani wa ndege hiyo hulijua hilo akiwa ameshaanza kushuka.