Matairi ya baridi yasiyo na misumari, kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma

Wengi wanaosema gari la aina hii halifai kwenye theluji wanalisingizia tu. Kosa ni la matairi. Sedani yangu injini iko mbele, nguvu inakwenda nyuma, na huko nyuma ni kwepesi. Ukikanyaga mafuta kwa pupa, mkia unakimbilia pembeni. Nimefunga haya manne, na mkia umeshika adabu.

Libonyeze tairi kwa ukucha siku ya baridi kali uone pesa imekwenda wapi. Mpira bado laini, wakati tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara, zimechanjwa michirizi myembamba iliyopindapinda, na theluji hujaa humo. Usihangaike kuitoa: theluji hung'ang'ania theluji kuliko inavyong'ang'ania mpira mtupu. Kwenye mwinuko naweka gia ya pili, naachia klachi taratibu, gari linaondoka bila vurugu.

Kwenye barafu sifa zinapungua. Mbaya kabisa ni ile ya karibu na nyuzi sifuri, yenye utando wa maji juu: pedali ya breki inatetemeka mguuni na gari bado linakwenda. Mkia ukichomoka, legeza mafuta polepole, zungusha usukani kuelekea upande uleule mkia unakokwenda, kisha urudishe mapema. Ukichelewa kuurudisha, mkia unachapa upande wa pili, na pigo hilo la pili ndilo linalowatupa watu mtaroni.

Muuzaji alitaka nichukue mawili tu ya nyuma, eti ndiyo yanayosukuma. Sawa, na kona nitakata na nini? Ya mbele ndiyo yanayoelekeza gari na kubeba kazi kubwa ya breki. Mifuko ya mchanga kwenye buti, ambayo kila mtu huishauri, inasaidia kuondoka, ila uzito huo huo utausimamisha wewe.

Hakikisha ubavuni pana alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji. M+S (matope na theluji) peke yake haitoshi.

Kasoro: yanavuma kwenye lami kavu, na jua likitoka usukani unakuwa mlegevu na mpira unalika haraka. Kashata zikibaki milimita 4 nayatoa, ingawa nchi nyingi zinaruhusu hadi 1.6. Nayapa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na kelele.