Mwongozo wa kununua askari wadogo wa plastiki kwa anayetaka kuwapaka rangi na kuwageuza

Anayenunua boksi lake la kwanza la askari wa plastiki huvutwa na picha iliyochapwa juu ya boksi: mapigano ya Waterloo, jangwa la Afrika Kaskazini, majeshi ya Roma. Picha hiyo haimwambii jambo litakaloamua kama kazi yake itakuwa ya raha au ya karaha, nalo ni aina ya plastiki iliyomo ndani. Askari wa polithini, yaani plastiki laini, hupinda bila kuvunjika, huacha nyuzinyuzi anapokatwa kwa wembe, hashikwi na gundi za kawaida, na rangi yake humenyuka pale anapokunjwa. Askari wa polistirini, yaani plastiki ngumu, hukatika safi, hupigwa tupa na msasa, na gundi yake huyeyusha pande mbili zinazokutana hadi zikawa kipande kimoja. Kwa hiyo nimezipanga bidhaa zilizo sokoni kwa kuangalia plastiki kwanza, kisha uchongaji, na bei mwisho. Mwenye nia ya kukusanya tu, asiyekusudia kufungua boksi, ana hesabu zake nyingine.

Kabla ya kulipa, hakikisha pia skeli, yaani askari amepunguzwa mara ngapi kutoka ukubwa wa mtu halisi. Katika skeli ya 1/72 mtu mwenye urefu wa sentimita 180 huwa na milimita 25, na katika 1/35 hufika milimita 51 hivi. Wale wanaouzwa kwa jina la milimita 28 ni wanene zaidi, wana mikono na vichwa vikubwa kidogo kuliko uhalisia, na hawapendezi wakisimamishwa kando ya wale wa 1/72 hata kama tofauti ya urefu inaonekana ndogo kwenye karatasi. Chagua skeli moja na ubaki nayo.

Nafasi ya kwanza naipa maboksi ya milimita 28 ya plastiki ngumu kutoka Perry Miniatures, Victrix na Warlord Games, zote za Uingereza. Perry ni kampuni ya ndugu mapacha, Alan na Michael Perry, waliochonga kwa miaka mingi katika kampuni ya Games Workshop huko Nottingham. Ndani ya boksi moja la askari wa miguu hupatikana kwa kawaida askari thelathini na kitu hadi arobaini na kitu, na mara nyingi vichwa, mikono na silaha huwa vipande vya peke yake kwenye fremu, yaani kiunzi cha plastiki ambacho vipande hukatwa kutoka humo. Hapo ndipo thamani ilipo, kwa kuwa kichwa cha boksi moja kinaweza kuwekwa juu ya mwili wa boksi jingine, na vipande vinavyobaki huwa akiba ya miaka. Kasoro yake ni bei kwa kila askari, pamoja na muda wa kuunganisha, ambao anayeanza hukosea kuukadiria.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki faida hiyo ina uzito wa ziada, maana askari waliopigana katika ardhi yetu, au waliotoka kwetu kwenda kupigana mbali, ni wachache madukani ukilinganisha na majeshi ya Napoleon. Anayemtaka askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki, wa kampeni ya Ethiopia ya mwaka 1941 anaweza kuanzia na boksi la Perry la jeshi la Uingereza la jangwani, ambalo miili yake imekwisha kuvaa kaptura na shati, kisha akabadilisha vichwa kwa kufuata picha za kikosi anachokikusudia. Kofia huchongwa kwa pati ya epoksi ya sehemu mbili, ya njano na ya buluu, ambazo zikikandwa pamoja huwa kijani na kukauka kwa muda wa saa kadhaa. Kwa askari wa Vita vya Kwanza, wa upande wa Wajerumani na hata wa Waingereza, kazi ni ndefu zaidi: kofia yenye kitambaa kinachofunika shingo, bendeji za miguuni kutoka kifundo hadi goti, na miguu ambayo kwa askari wengi wa King's African Rifles wa mwaka 1914 haikuwa na viatu. Bunduki nazo zina habari yake, kwa sababu askari wengi wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani walianza vita hiyo na bunduki ya mwaka 1871 ya risasi moja moja, iliyotoa moshi mwingi. Ukimpa bunduki ya kisasa ya wakati ule, anayejua ataona. Anayeishi Dar es Salaam ana bahati ya kuwa karibu na Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927; aipige picha kutoka kila upande, kwa kuwa picha za zamani mara nyingi huonyesha mbele tu na hazimwonyeshi mchongaji jinsi nguo zinavyokaa mgongoni.

Nafasi ya pili ni ya 1/72 katika plastiki ngumu: maboksi madogo ya Zvezda ya Urusi, yenye askari wachache kwa bei ndogo, na yale ya Plastic Soldier Company ya Uingereza kwa Vita vya Pili. Kwa mtu ambaye hajui kama kazi hii itamkaa, boksi dogo la Zvezda ndilo jaribio la gharama nafuu kuliko yote. Si mahali pazuri pa kufanyia mageuzi makubwa, lakini hupakika vizuri, na magari na ndege za 1/72 za kuwazunguka zimejaa sokoni.

Nafasi ya tatu ni ya Italeri na Revell. Hizi ni 1/72 za plastiki laini, boksi lina askari arobaini hadi hamsini hivi, na kwa idadi hiyo hakuna anayezishinda bei. Italeri hutoa tena seti nyingi zilizochongwa zamani na kampuni ya Esci, na uchongaji wa kazi hizo bado unasimama. Revell ana seti zake nzuri za vita vya karne ya 17 na ya 18 ambazo mimi ningezinunua hata bila haja nazo. Mageuzi yanawezekana, ila kila kichwa unachohamisha lazima kitobolewe na kushikizwa kwa waya mwembamba, kwani supagluu peke yake huachia.

HäT inakuja ya nne, lakini kwa mkusanyaji ningeipandisha juu. Imejishughulisha na majeshi ambayo wengine hawakuyagusa, kama vile majeshi madogo yaliyofuatana na Napoleon, na kwa baadhi yao hakuna mbadala wa plastiki. Ubora hubadilika kutoka seti hadi seti. Tazama picha za askari wenyewe katika tovuti ya Plastic Soldier Review, ambayo huonyesha mikao yote na kutaja kasoro, kabla hujatoa pesa.

Airfix naiweka ya tano huku nikijua kwamba wapo watakaokasirika. Hao ndio walioanzisha mambo mwaka 1959 kwa bendi ya walinzi wa Kifalme, na seti zao za zamani zinauzwa tena leo. Plastiki ni laini, mikao mingine ni ya ajabu, na askari wa mwanzo ni wadogo kuliko 1/72 kamili. Wanunue kwa mapenzi. Ukiwanunua wa zamani waliokwisha kutumika, muulize muuzaji kama plastiki bado inapinda, maana baadhi ya polithini ya miaka hiyo huwa kavu na kuvunjika kama biskuti. Mifuko ya askari wa kijani inayouzwa pamoja na midoli mingine sokoni inafaa kwa watoto na kwa kufanyia mazoezi ya wembe, basi.

Rangi za akriliki za maji, kama Vallejo ya Hispania yenye chupa ya kudondoshea, ndizo ninazozipendekeza, kwa sababu brashi huoshwa kwa maji na rangi haijazi chumba harufu. Humbrol ya mafuta hushika vizuri lakini hutaka kiyeyusho na subira. Osha askari kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kwanza, hasa wa plastiki laini, ambao hutoka kiwandani na mafuta. Brashi moja nzuri ya namba 1 yenye ncha kali hufanya zaidi ya brashi tano nyembamba za bei ndogo. Kuhusu ngozi, miongozo mingi imeandikwa kwa nyuso za Wazungu. Kwa askari wa Kiafrika usianze na nyeusi: anza na kahawia nzito yenye wekundu, kisha pandisha mashavu, pua na vifundo vya vidole kwa kahawia iliyotiwa rangi ya udongo mwekundu au ya haradali, si kwa nyeupe, kwa kuwa nyeupe huifanya ngozi iwe ya majivu.

Ukiagiza kutoka nje, jumlisha nauli na ushuru kabla ya kulinganisha bei. Maboksi matatu katika kifurushi kimoja mara nyingi huwa nafuu kwa kila boksi kuliko moja moja. Makopo ya rangi ya kupuliza na gundi ya majimaji ya plastiki ni vitu vinavyoshika moto, na posta ya ndege kwa kawaida haivipokei. Rangi ya chini ya kupuliza ya kijivu inapatikana katika maduka ya vipuri vya magari, lakini ijaribu kwanza kwenye fremu tupu, kwa sababu nyingine huyeyusha polistirini. Gundi ikikosekana kabisa, supagluu ya dukani itashika plastiki ngumu vya kutosha, mradi usimbebe askari kwa kumshika bunduki.