Dispensa ya klorini pale chemchemi yetu: miaka mitatu naitumia, naipa nyota 4 kati ya 5

Wale mko vijiji vya Busia na Kakamega, magharibi mwa Kenya, mnakijua hiki kidude, katangi ka bluu kamefungwa juu ya nguzo kando ya chemchemi, kana kishikio cha kuzungusha. Unaeka mtungi wa lita 20 chini yake, unazungusha mara moja, klorini, dawa ya kuua vijidudu vya maji, inashuka kwa kipimo chake, alafu unasogeza mtungi kwa bomba unajaza. Basi. Haulipi kitu, haupimi kitu, na ukishafika nyumbani nao kichwani maji yashajichanganya yenyewe njiani. Ngoja nusu saa mnywe.

Mimi kabla ya hii nilikua wa dawa ya chupa, ile ya kununua dukani unapima na kifuniko. Si dawa mbaya, lakini sasa jioni moshi umejaa jikoni, mtoto analia, unga unangoja maji, nani atakumbuka kifuniko? Na ikiisha katikati ya mwezi inangoja hadi pesa ipatikane. Kijana wangu wa kwanza mvua za Aprili zikianza tu anaendesha, yaani anahara. Kuna usiku nilikaa nampa ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, kijiko kwa kijiko mpaka jogoo akawika, macho yameingia ndani, ukifinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama ivo ivo hairudi. Sitausahau. Huyu wa pili amekulia maji ya dispensa, kuendesha ameendesha ndio, lakini usiku kama ule sijauona tena.

Binti ya shangazi yangu anasoma uchumi chuo ndio akaniambia hii kitu imetokana na utafiti uliofanywa huku huku kwetu. Kuna mchumi wa Marekani, Michael Kremer, miaka ya 80 alikuja Kakamega akafundisha shule ya sekondari mwaka mzima, baadae akarudi na wenzake kina Edward Miguel wakaanza kupima vitu vya watoto, dawa za minyoo shuleni kwanza, alafu maji. 2019 akapata Nobeli ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Kwa maji walichukua chemchemi karibu 200 huku magharibi, zingine zikajengewa saruji na bomba mapema, zingine zikangoja zamu. Pale bombani uchafu wa kinyesi ulipungua asilimia 66, lakini ndani ya nyumba ulipungua kidogo tu, kwa sababu maji yanachafuka tena njiani, kwa mtungi, kwa kikombe kinachotumbukizwa na kila mkono. Bado watoto kuhara kulipungua kama robo, si haba, ila ndio ikaonekana lazima kuwe na kitu kinacholinda maji mpaka ndani ya nyumba, na klorini inalinda siku mbili tatu.

Na hapa ndipo mimi nilijiona kabisa. Walipopima klorini yenyewe, wale waliotakiwa kununua chupa dukani, watumiaji hawakufika hata 15 kwa 100. Dispensa ikiekwa bure pale pale maji yanapochotwa, na mwanakijiji mmoja achaguliwe wa kuisimamia, huyo tunamwita promota, wakafika kama 60. Watu ni wale wale jamani! Hatukua wajinga, hatukua wachafu, ni vile dawa ilikua mbali na maji. Afu pale chemchemini mnaonana, jirani akikuona umepita bila kuzungusha atakuita urudi. Ndio maana nikisikia mtu anasema watu wachangie kidogo ndio wathamini inaniuma sana, kwa sababu atakaekosa hako kadogo ni yule yule mama mwenye mtoto wa miezi minane.

Sasa ubaya wake. Harufu ipo, wiki za kwanza mama mkwe alikataa kabisa, “Mama Baraka, haya maji mbona yananuka hospitali?” Nikamwambia, “Ni dawa mama, acha yakae kidogo itapungua.” Siku izi anakunywa. Maji ya matope ya mtoni klorini haiyawezi vizuri, chuja na kitambaa kizito kwanza. Na nyota ya tano nimeinyima kwa sababu mwaka jana tangi letu lilikauka karibu wiki tatu, watu wakazoea kupita tu, na hata liliposhajazwa wengine hawakurudia tena mpaka promota akazunguka nyumba kwa nyumba. Wiki tatu kwa mtoto mchanga ni nyingi sana.

Kama la kwenu limekauka msingoje gari lije lenyewe, muulizeni promota, yule mliyemchagua kwa baraza, yeye ndio anajua wa kupigiwa.