Kidude cha kufukuza panya kwa sauti: panya wamebaki, paka ndiye aliyehama

Nimekaa na hiki kidude muda wa kutosha kukitolea maoni. Ni kile cheupe cha kuchomeka kwenye soketi, ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye taa ndogo ya buluu na kitufe kimoja. Mdogo wangu aliniletea zawadi baada ya kunisikia nikilalamikia panya wa stoo. Chapa siitaji, kwa sababu nimeona vya majina mengine na maneno kwenye boksi ni yale yale: kinatoa sauti isiyosikika na binadamu, panya hawaivumilii, hakuna sumu wala mtego, ni salama kwa watoto na wanyama wa nyumbani.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike.

Nianze na panya, maana ndio kazi yake. Siku za kwanza kulikuwa na nafuu ya kweli, zile mbio za usiku darini zilipungua, nikafurahi. Baadaye zikarudi kama zamani. Asubuhi moja nikakuta kinyesi cha panya sakafuni, chini ya soketi yenyewe, taa ya buluu ikiwaka juu yake. Panya ni mwoga wa kitu kigeni. Ukileta jambo jipya kwenye njia yake atakaa mbali kwanza, lakini akishaona halimdhuru, na chakula bado kipo, anapita. Wala haya hayajaanza kwangu: mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Marekani iliwaandikia barua za onyo zaidi ya watengenezaji na wauzaji 60 wa vifaa vya aina hii, ikiwataka wawe na ushahidi wa kisayansi wa yale wanayoyatangaza. Vifaa bado vinauzwa.

Sasa wanyama wangu. Nina paka na simbilisi wawili. Paka ana njia yake ya kila siku kutoka jikoni hadi dirisha la ukumbini, na kidude kilikuwa katikati ya njia hiyo. Alianza kusimama mlangoni. Masikio yanageuka nyuma, yanalala, anatikisa kichwa kana kwamba kuna mdudu sikioni, kisha anarudi alikotoka. Mwisho akaacha kabisa kupita hapo, akawa analala chumba cha nyuma ambacho hajawahi kukipenda.

Simbilisi hawakuwa na chumba cha kuhamia. Tundu lao liko ukutani mkabala na ile soketi. Aliyewahi kufuga simbilisi anajua wakisikia mfuko wa majani ukichakarishwa wanapiga mluzi nyumba nzima isikie. Wangu waliacha mluzi. Walikuwa wanakaa wameganda ndani ya kile kijumba chao cha mbao, wanatoka kula mimi nikishazima taa, na hata majani waliyapunguza.

Kwa sikio langu ukumbi ulikuwa kimya. Sisi tunasikia mpaka kama kilohezi 20 (kilohezi moja ni mitetemo elfu moja kwa sekunde; namba ikipanda, sauti inakuwa nyembamba zaidi, na ndizo ninazoziita sauti za juu), na kadiri umri unavyosogea tunapoteza zile za juu. Mbwa anafika kama kilohezi 45, simbilisi karibu 50, paka anapita 60. Panya wenyewe wanazungumza huko juu: mlio wao wa hofu uko karibu na kilohezi 22, na ule wanaotoa wakicheza uko karibu na 50. Kwa hiyo huwezi kutengeneza sauti inayomfikia panya ikamruka paka. Masikio yao yanapishana kidogo mno. Kama ni kero kwa mmoja, ni kero kwa mwingine, na anayeandika "salama kwa wanyama wa nyumbani" kwenye boksi anapaswa kutuambia amempima mnyama gani, kwa umbali gani, kwa muda gani.

Nina rafiki anayefanya utafiti wa popo. Aliniazima chombo chake cha kusikilizia, kile kinachoshusha sauti za juu mpaka sikio letu lizipate. Nawaombea kila mwenye kidude hiki apate nafasi kama hiyo. Nilipokielekeza kwenye soketi, ulitoka mlio wa kukwaruza, unapanda na kushuka bila kupumzika, kama bati linaloburuzwa kwenye saruji. Nikarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye tundu la simbilisi: bado uko wazi, kwa sababu kati ya soketi na tundu hakuna kitu. Kisha nikaingiza mkono nyuma ya kabati la stoo, palepale panya wanapopita. Karibu hakuna kitu.

Hapo nikaelewa kila kitu. Sauti za juu namna hii hazina nguvu ya kupenya. Ukuta unazizuia, mbao zinazizuia, pazia zito linazimeza, na hata hewani zinafifia upesi kuliko sauti nzito. Panya anaishi nyuma ya vitu. Mnyama uliyemfuga anaishi mbele yako, sebuleni, sehemu ya wazi. Kidude kinampigia kelele yule tu asiyekuwa na kosa. (Nikiwa na chombo mkononi nilipima pia chaja ya simu na taa moja ya dari, zote mbili zilikuwa na mlio wake, ingawa hafifu. Tundu nimelisogeza mbali nazo.)

Kuna jaribio la Idaho, Marekani, ambalo nalikumbuka kila ninapoangalia lile tundu. Watafiti waliweka spika kwenye mteremko wenye miti, mahali pasipo na barabara, wakawa wanapiga kelele za magari zilizorekodiwa. Hakuna gari, hakuna moshi, ni sauti peke yake. Idadi ya ndege ilipungua kwa zaidi ya robo, na ndege wengine waliobaki walishindwa kunenepa vizuri kwa ajili ya safari yao ya uhamaji, kwa sababu anayelazimika kuinua kichwa kila mara kutazama hatari hali muda huo. Mwenye mabawa aliondoka na mwenye kubaki alikonda. Paka wangu ni wa kundi la kwanza, simbilisi ni wa la pili.

Nilikichomoa. Simbilisi walianza mluzi tena ndani ya wiki hiyo. Paka alichukua muda mrefu zaidi kuamini ile njia. Panya nimewapunguza kwa kuziba matundu kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria na saruji juu yake, na kuweka nafaka zote kwenye ndoo zenye kifuniko cha kubana. Panya mdogo anapita tundu ambalo kalamu inapita, kwa hiyo tafuta kwa tochi, ukiwa umepiga magoti, hasa pale mabomba yanapoingia ukutani.

Nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni kwa sababu hakina sumu. Mwenye sungura, simbilisi, paka, mbwa au panya wa kufugwa asikiwashe kabisa. Vile vya bustanini vinavyojiwasha mnyama akipita navyo nisingeviweka: haviwezi kumchagua paka wa jirani na kumwacha mnyama mwingine yeyote anayekatiza hapo usiku. Na ukiwa tayari unacho, na mnyama wako amebadilika bila sababu, amehama sehemu yake, haji akiitwa, hali vizuri, kichomoe leo kabla hujampeleka kwa daktari, kisha mwambie daktari kwamba kilikuwa kimewashwa.